Udongo wa Bonde la Rufiji: Sifa Zake na Mahali Pake Katika Uainishaji

Udongo unaolimwa katika bonde la chini la mto Rufiji haukutokana na mwamba ulio chini yake, bali uliletwa na maji. Chembe zake zilimomonyoka katika milima na nyanda za juu zilizo mbali na pwani, zikabebwa na mto, na hatimaye zikatuama kila mara mto ulipofurika na kutandaa juu ya ardhi tambarare iliyo kando yake, ardhi ambayo wataalamu huiita uwanda wa mafuriko. Makala haya yanaeleza sifa za udongo huo, hasa ule wenye kina kirefu na umbile la tifutifu, na yanaonyesha nafasi unayopewa katika mifumo mikuu ya kuainisha udongo duniani. Kazi ya uainishaji si kubandika majina ya kitaalamu tu. Jina likitolewa kwa usahihi hueleza jinsi udongo ulivyotokea na kile kinachoudumisha, na kwa sababu hiyo humwonya mapema mtu anayetaka kuutumia.

Rufiji huanza mahali ambapo mto Kilombero hukutana na mto Luwegu, kisha, kabla haujafika kwenye Korongo la Stiegler, hupokea maji ya Ruaha Mkuu. Eneo zima linalouchangia maji lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero, unaokusanya maji ya milima ya Udzungwa na ya nyanda za Mahenge, huchangia zaidi ya nusu ya maji yote, ilhali Ruaha Mkuu, ingawa maji yake ni machache zaidi, hupita katika maeneo makavu ambayo uoto wake haba hauwezi kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kwa hiyo, mto unapotoka korongoni na kuingia katika tambarare inayopita Utete na Ikwiriri hadi Mohoro, ambako delta huanza, huwa umebeba mashapo ya asili nyingi, yaani mchanganyiko wa mchanga, tope na mabaki ya mimea na wanyama kutoka katika miamba na hali za hewa zinazotofautiana. Huo ndio mtaji wa kwanza wa udongo wa bonde: umekusanya madini ambayo mlima mmoja peke yake usingeweza kuyatoa.

Namna mashapo hayo yanavyotuama hufuata kanuni iliyo wazi. Maji yaendayo kasi yana nguvu ya kubeba chembe kubwa, na kasi inapopungua chembe hizo hutangulia kushuka, kisha hufuata za wastani, na mwishoni kabisa zile laini ambazo huweza kuelea kwa siku nyingi. Mto unapopanda juu ya kingo zake, kasi ya maji hupungua ghafla, na hapo hapo mchanga huanguka na kujenga tuta la asili kando ya mto. Nyuma ya tuta hilo hutuama tope la chembe za wastani likiwa limechanganyika na mchanga mwembamba, na mbali zaidi, katika mabonde ya chini ambako maji husimama hata baada ya mto kurudi katika mkondo wake, hutuama mfinyanzi mzito. Udongo wa tifutifu wenye kina hupatikana kwa wingi katika ukanda wa kati, baina ya tuta la mchanga na bwawa la mfinyanzi, na wakulima wa bonde wameutambua ukanda huo na kuuthamini kwa vizazi vingi kabla ya mtaalamu yeyote kuuchorea ramani.

Neno tifutifu lahitaji kufafanuliwa kwa vipimo. Wanasayansi wa udongo huzigawa chembe ndogo za madini katika makundi matatu kwa ukubwa wake: mchanga, ambao kipenyo chake ni kati ya milimita 2 na milimita 0.05 hivi, tope laini, lenye chembe kati ya kipimo hicho na milimita 0.002, na mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002. Tifutifu ni udongo ambao hakuna kundi moja kati ya hayo linaloyatawala mengine, na mfano wake wa kawaida huwa na mchanga asilimia 40, tope laini asilimia 40 na mfinyanzi asilimia 20. Mfinyanzi unatajwa kwa kiasi kidogo kuliko hayo mengine kwa sababu chembe zake, kwa udogo wake, zina eneo kubwa sana la uso kwa kila gramu, na hivyo kiasi kidogo tu hutosha kuufanya udongo ushikamane na kuhifadhi virutubisho. Shambani, mtu asiye na maabara anaweza kuupima udongo kwa mkono: huchukua kiasi kidogo, hukilowesha maji, hukifinyanga, kisha hukisukuma kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ili kitoe utepe. Mchanga hautoi utepe hata kidogo, mfinyanzi hutoa utepe mrefu unaong'aa, na tifutifu hutoa utepe mfupi unaokatika upesi, huku ukiacha vidoleni hisia ya ulaini iliyochanganyika na mkwaruzo hafifu.

Sifa ya pili ni kina. Katika miongozo ya kueleza udongo iliyotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, udongo wenye kina ni ule ambao mizizi yaweza kupenya zaidi ya sentimita 100 bila kuzuiwa na mwamba, changarawe iliyogandamana au tabaka gumu. Udongo wa mafuriko kwa kawaida hukipita kipimo hicho kwa mbali, kwa kuwa mto umekuwa ukirundika mashapo yake mahali pale pale kwa maelfu ya miaka. Faida ya kina huonekana mara tu hesabu ya maji inapofanywa. Mita moja ya udongo wa mchanga huhifadhi kati ya milimita 25 na 100 za maji yanayoweza kutumiwa na mmea, na mita moja ya tifutifu huhifadhi kati ya milimita 100 na 175. Mfinyanzi huweza kuhifadhi zaidi ya hapo, lakini hupitisha maji polepole na mara nyingi huinyima mizizi hewa. Tifutifu yenye kina cha mita moja na nusu, basi, yaweza kuwa na akiba inayozidi milimita 200 baada ya mafuriko kuondoka, na kilimo cha mlau kinachofahamika vyema Rufiji kimesimama juu ya akiba hiyo. Katika kilimo hicho mkulima hupanda mahindi, kunde, maboga na mazao mengine katika ardhi iliyoachwa na maji baada ya masika, na mazao hukua wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, hali mashamba ya vilima vya jirani yamekauka.

Sifa ya tatu, ambayo ndiyo msingi wa uainishaji, huonekana mtu anapochimba shimo na kuutazama ukuta wake. Udongo wa nyanda za juu uliokomaa huwa na tabaka zilizojengwa na mabadiliko yaliyotokea mahali hapo hapo: juu kuna tabaka jeusi lenye mboji, yaani mabaki ya viumbe yaliyooza kabisa, chini yake kuna tabaka ambamo mfinyanzi na chuma vimekusanyika, na chini zaidi kuna mwamba unaomeng'enyuka. Mboji katika udongo wa namna hiyo hupungua kwa utaratibu kadiri mtu anavyochimba. Ukuta wa shimo la bondeni ni tofauti kabisa, kwa kuwa tabaka zake zimelala kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, mmoja wa mchanga mwembamba, wa pili wa tope, wa tatu wa mfinyanzi, na kila mmoja ni kumbukumbu ya furiko moja au ya kipindi kimoja cha mafuriko. Kiasi cha mboji hupanda na kushuka bila utaratibu, kwa sababu uso wa zamani uliokuwa na nyasi na mizizi hufunikwa na mashapo mapya, na tabaka lake jeusi likabaki limezikwa sentimita 60 au 80 chini ya ardhi. Mchimbaji anayekuta tabaka jeusi chini ya tabaka jeupe la mchanga anashuhudia shamba la kale lililofunikwa na mto.

Rangi nayo hutoa ushahidi wake. Katika udongo wenye hewa ya kutosha, chuma huungana na oksijeni na kuupa udongo rangi ya kahawia, ya manjano au nyekundu. Udongo ukijaa maji kwa muda mrefu, oksijeni hutumika ikaisha, na vijidudu vinavyoishi bila hewa hukibadili chuma kikawa cha aina inayoyeyuka majini, ambapo udongo hugeuka kijivu au kijivu chenye ubuluu. Mahali ambapo maji hupanda na kushuka kila mwaka rangi hizo mbili hukutana, na ukuta wa shimo huonyesha madoa ya kutu katika kijivu, hasa kando ya vijitundu vya mizizi ambamo hewa hupenya. Kina ambacho madoa hayo huanzia kina maana kubwa kwa mkulima, kwani huonyesha maji ya chini ya ardhi hufika wapi wakati wa mvua, hata kama shimo limechimbwa wakati wa kiangazi na hakuna tone la maji linaloonekana.

Kuhusu rutuba, udongo wa mafuriko husifiwa sana, na sifa hizo zina msingi, lakini zina mipaka pia. Kwa kuwa umri wake ni mdogo, madini yake bado hayajafuliwa na mvua nyingi, hivyo kalisi, magnesi na potasi hupatikana kwa kiasi kizuri, na uchachu wake kwa kawaida si mkali. Naitrojeni, hata hivyo, haitokani na miamba bali hutegemea mboji, na shamba linalolimwa mfululizo bila kurudishiwa masalia ya mazao, samadi au mikunde hupungukiwa naitrojeni hata likiwa bondeni. Aidha, tifutifu yenye tope laini jingi ina udhaifu wake: uso wake ukipigwa na matone makubwa ya mvua bila kifuniko chochote huganda na kufanya utando unaozuia mbegu kuchomoza, na ukipitiwa na trekta ungali mbichi hugandamana na kupoteza vitundu vya hewa.

Jitihada za kuuelewa udongo wa Afrika Mashariki kwa mfumo mmoja zilianza mapema. Mwanakemia wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, alieleza katika miaka ya 1930 kwamba aina za udongo kutoka kilele cha kilima hadi bondeni hufuatana kwa mpangilio unaojirudia, na kwamba haziwezi kueleweka zikitenganishwa, kwa kuwa kile kinachopotea juu huonekana chini. Mpangilio huo aliuita katena, akautumia katika ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 1936, na dhana hiyo ikakubaliwa na wanasayansi wa udongo duniani kote. Kwa mtazamo wa Milne, udongo wa bonde ni pete ya mwisho ya mnyororo unaoanzia mlimani, na yeyote anayeuchunguza bila kuangalia mlima ulikotoka ameona nusu tu ya jambo.

Katika mfumo wa kimataifa unaotumika leo, unaojulikana kama Mfumo wa Marejeo wa Dunia wa Rasilimali za Udongo, ambao ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 ukirithi ufunguo wa ramani ya udongo ya dunia ya mwaka 1974, udongo wote umegawanywa katika makundi makuu 32. Udongo wa mafuriko uko katika kundi la Fluvisoli, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mto. Sharti la kuingia katika kundi hilo ni kuwapo kwa mashapo ya maji yanayoonyesha tabaka za utuamaji, nayo lazima yaanze karibu na uso wa ardhi, ndani ya sentimita 25 za kwanza ikiwa shamba halijavurugwa na jembe. Fluvisoli hukadiriwa kufunika takribani hekta milioni 350 duniani, na zaidi ya nusu yake iko katika nchi za joto. Baada ya jina la kundi huongezwa vivumishi vinavyoeleza sifa za ziada: Eutriki kwa udongo ambao besi zake, yaani kalisi na wenzake, zinaizidi alumini yenye uchachu, Gleiki kwa ule wenye alama za kijivu za maji ya chini ya ardhi, na Lomiki kwa ule wenye umbile la tifutifu. Udongo wenye kina, wa tifutifu, wenye besi nyingi na wenye tabaka za mto ungeitwa, kwa mfumo huu, Fluvisoli Eutriki ya Lomiki.

Mfumo wa Marekani, uliochapishwa kikamilifu mwaka 1975 na kurekebishwa mwaka 1999, hufika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Mfumo huo una oda 12, na udongo ambao bado haujajenga tabaka zake wenyewe huwekwa katika oda ya Entisoli. Ndani ya oda hiyo kuna tawi la Fluventi, ambalo hutambuliwa kwa kupungua kwa kaboni kusikofuata utaratibu kadiri kina kinavyoongezeka, jambo lile lile lililoelezwa kuhusu mboji iliyozikwa. Mto ukihama au mafuriko yakiacha kufika mahali fulani kwa muda mrefu, minyoo, mchwa na mizizi huzivuruga tabaka za utuamaji, udongo hujenga mabonge na rangi yake yenyewe, na jina lake hubadilika: Wamarekani huuweka katika Inseptisoli, na mfumo wa kimataifa huuweka katika Kambisoli. Mifumo yote miwili, kwa hiyo, inakubaliana juu ya jambo moja la msingi, kwamba udongo wa mafuriko hubaki na jina lake maadamu mto unaendelea kuujenga.

Uainishaji huu pia humzuia mtu asidhani kwamba bonde zima ni la aina moja. Katika mabwawa ya nyuma mara nyingi hupatikana Vertisoli, udongo wa mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ndefu ukikauka, ambao hufaa mpunga lakini huwatesa wanaolima mahindi. Mahali ambapo maji hayaondoki kuna Gleisoli. Chini zaidi, katika delta yenye mikoko mingi, kuna udongo wa matope ya bahari ambao katika sehemu fulani huwa na madini ya chuma na salfa. Madini hayo hayana madhara yakiwa chini ya maji, lakini yakikaushwa na kupata hewa hutoa asidi ya salfa, na uchachu wa udongo huweza kuwa mkali kupita kiasi ambacho mmea wowote wa chakula waweza kustahimili. Katika delta ya Rufiji sehemu za mikoko zimefyekwa ili kupanda mpunga, na baadhi ya mashamba hayo huachwa baada ya miaka michache mavuno yanapoanguka. Hasara ya namna hiyo ingeweza kuepukwa iwapo udongo ungechunguzwa na kuainishwa kabla ya shoka kuingia.

Swali kubwa zaidi linahusu wakati ujao. Bwawa la Kufua Umeme la Julius Nyerere, lililojengwa katika Korongo la Stiegler na lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022 na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Faida yake kwa nchi ni kubwa na haihitaji kubishaniwa hapa. Hata hivyo, ziwa lolote kubwa la bwawa huyapunguza kasi maji yanayoingia, na kwa kanuni iliyoelezwa mwanzoni, maji yaliyopungua kasi huangusha mzigo wake. Mchanga wote na sehemu kubwa ya tope hubaki ndani ya ziwa, na maji yanayotoka huwa safi kuliko yale yaliyoingia. Misri ililiona jambo hili baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, pale mashamba ya bonde la Nile yalipokoma kupokea tope la kila mwaka na kutegemea zaidi mbolea za viwandani, huku mwambao wa delta ukiliwa na bahari. Mafuriko bado yaweza kutokea Rufiji, kama yalivyotokea kwa ukali mwaka 2024 na kuwaathiri watu wengi wa Rufiji na Kibiti, lakini furiko lisilo na mashapo ya kutosha huharibu mazao na nyumba bila kuiachia ardhi tope linaloirutubisha.

Kutokana na hayo, udongo wa Rufiji unaingia katika kipindi ambacho sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na mto italazimika kufanywa na watu. Masalia ya mazao yarudishwe ardhini badala ya kuchomwa, mikunde ipandwe kwa zamu na nafaka, na uso wa shamba ufunikwe ili mvua isiugandishe. Wanaosimamia bwawa na maji ya bonde wazingatie, katika ratiba zao za kufungulia maji, mahitaji ya mashamba ya mlau, ya maziwa ya bondeni na ya mikoko, pamoja na mahitaji ya umeme. Wataalamu wa udongo nchini, wakiwemo wale wa kituo cha utafiti cha Mlingano mkoani Tanga na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, wapewe nyenzo za kuchimba mashimo ya uchunguzi bondeni mara kwa mara na katika sehemu zile zile, ili mabadiliko ya mboji, umbile na maji ya chini yajulikane kabla hayajaonekana katika mavuno. Na kila anayekusudia kufungua shamba jipya bondeni, awe mwenye nusu ekari au mwekezaji wa maelfu ya hekta, achimbe kwanza shimo la mita moja na nusu, amwite mtaalamu aliye karibu, autazame ukuta wake kwa makini, na aupange ukulima wake kulingana na kile ambacho udongo wenyewe umeonyesha.